Riwaya Tano Zilizopimwa kwa Sikio

Wako washairi wasiosoma riwaya, nami nimekaa nao barazani miaka mingi. Hoja yao huwa moja: nathari ni maneno yaliyovuliwa vina na mizani, na mtu aliyezoea kuyaona maneno yakiwa yamepambwa hana hamu ya kuyatazama yakiwa na kanga ya kulalia. Maalim mmoja tunayemheshimu sana katika utunzi hapa Tanga hufika mbali zaidi. Husema riwaya ni kitabu cha macho, na kilichoandikwa kwa ajili ya macho hufa taa inapozimwa. Shairi, asema, huendelea kuishi gizani kwa sababu makao yake ni sikio.

Sikumbishia. Maalim habishiwi barazani, na isitoshe kauli yake ilinigusa mahali ambapo yeye mwenyewe hakupajua. Macho ya mama yangu yamekwisha. Presha ya macho ilimwanza polepole, ikamla pembeni kwanza, na sasa anachotofautisha ni mchana na usiku tu. Mama hakupelekwa shule. Alisoma chuoni, akazijua herufi za Kiarabu kabla ya zile za Kirumi, na hizi za pili alizipata ukubwani, katika kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970. Tangu hapo hakuacha kusoma. Alisoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, alisoma vitabu vya shule vya watoto wake, alisoma hata maelezo ya chupa za dawa. Tenzi anazo moyoni. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, anaweza kuughani akiwa anachambua mchele. Lakini riwaya hazikai moyoni namna hiyo. Riwaya huhitaji macho, na macho hana.

Basi nikaanza kumsomea. Kila usiku baada ya isha, nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Tumemaliza tano kwa muda wa miezi saba, kila moja ya aina yake: ya upelelezi, ya mapenzi na siasa, ya safari ya angani, ya tafsiri, na moja ambayo mpaka leo sijui niiweke katika kapu gani. Haya ninayoandika ni maoni yangu juu ya hizo tano. Pale ambapo maoni ni ya Mama nitasema ni yake, kwa kuwa mara nyingi ni bora kuliko yangu.

Neno moja kuhusu kipimo. Wengi wetu tulifundishwa kuihakiki riwaya kwa mpangilio wa mtihani: dhamira, wahusika, mandhari, muundo, na mwisho kabisa, katika mstari uliobaki, "mwandishi ametumia tamathali nyingi za semi". Lugha huwekwa mkiani kana kwamba ni kamba tu ya kufungia mzigo. Anayesoma kwa sauti hawezi kufanya hivyo. Ulimi humwambia mapema kuliko akili ni sentensi ipi ina pumzi na ipi imekabwa, ni mazungumzo yapi yalisikiwa na mwandishi na yapi yalibuniwa mezani. Hicho ndicho kipimo nilichotumia. Najua kuwa hakitoshi, lakini washairi ndio watakaonielewa upesi.

Mzimu wa Watu wa Kale

Tulianza na Muhammed Said Abdulla. Kitabu hiki kilitoka mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi wa hadithi lililofanyika 1957 na 1958, na wengi hukihesabu kuwa mlango wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Mwandishi alikuwa mtu wa Makunduchi, akafanya kazi ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Huyo mhariri anasikika. Wahakiki wamekwisha kusema kuwa Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum ambaye lazima aelezwe kila kitu, ametoka katika ubavu wa Sherlock Holmes. Hilo ni kweli, wala halimpunguzii kitu. Mbegu imetoka Uingereza, mti umeota Unguja na matunda yake yana ladha ya Unguja.

Ladha hiyo imo katika mazungumzo. Watu wa Abdulla hawasemi ili msomaji apate habari. Wanasema kwa sababu wanapenda kusema. Wanazunguka, wanaapa, wanataniana, wanakata kauli ya mwenzao na kuirudisha imegeuzwa. Nilipokuwa nikisoma kimya kimya ujanani niliyaruka mazungumzo hayo ili nifike penye maiti. Kwa sauti hayarukiki. Ilibidi nibadilishe sauti kwa kila mhusika, nami si mwigizaji, lakini mwandishi alinibeba: mpangilio wa maneno peke yake ulitosha kumtambulisha msemaji.

Mama aliipeleleza kesi kwa njia yake. Hakushughulika na nani alikuwa wapi saa ngapi. Alisikiliza namna ya kujibu. "Huyu anajibu asiloulizwa," alisema usiku mmoja, akaniomba nirudie maneno ya mhusika huyo. Sitasema kama alipatia, kwa heshima ya wale ambao hawajakisoma kitabu. Nitasema tu kwamba njia hiyo ndiyo ya Bwana Msa pia: hukaa, huvuta kiko, huwaacha watu wajifunge kwa ndimi zao.

Kasoro ziko mbili. Ya kwanza ni maelezo ya mwisho, ambapo fundo linafunguliwa uzi mmoja mmoja hata baada ya msikilizaji kuliona limefunguka. Mama alilala. Ya pili ni nzito zaidi. Dunia ya kitabu hiki, yenye mabwana wa mashamba na watu wao wa chini, imechukuliwa kama hali ya hewa, kitu ambacho kipo tu na hakiulizwi. Kitabu kilitoka miaka minne kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964. Anayekisoma leo husikia kimya kikubwa nyuma ya vicheko vyote vile. Sidhani kuwa kasoro hii inakiua kitabu. Inakifanya kiwe ushahidi wa aina nyingine, mbali na ule anaoutafuta Bwana Msa.

Vuta N'kuvute

Adam Shafi aliichapisha riwaya hii mwaka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitolea filamu. Wapenzi wa lugha wasiipite jalada bila kusimama. Ile ritifaa katika *n'kuvute* imewekwa kwa makusudi. Kwa hesabu yetu ya mizani haiokoi hata silabi moja, kwa sababu hiyo *n'* inasimama peke yake na kuhesabiwa kama *ni*. Kilichopatikana ni sauti: kauli ya mtu wa pwani akizungumza, si ya mtu akiandika barua ya kiserikali. Kitabu kimetangaza tangu jina lake kitasema kwa mdomo wa nani.

Ni Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mwanamume mwenye umri wa kumzaa, akapelekwa Mombasa. Anakimbia. Jamaa zake wanamfungia mlango. Mwajuma wa Ng'ambo anamfungulia wake. Hapo anakutana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi akiwa na vitabu vilivyokatazwa na moyo uliokwisha kuchagua upande.

Maoni yangu juu ya riwaya hii yatawaudhi baadhi ya watu, kwa kuwa inapendwa, na mimi pia naipenda. Naona ina lugha mbili. Lugha ya kwanza ni ya nyumba ya Mwajuma: ya kanga, taarabu, chai, matusi ya mapenzi na mapenzi ya matusi. Lugha hii inaruka. Lugha ya pili ni ya Denge na wenzake wanapozungumza siasa, nayo mara nyingine hutembea kama msafara wa wajumbe. Sentensi zinanyooka, kila mtu anamaliza hoja yake, hakuna anayekatizwa. Nilipozisoma kwa sauti nilijikuta nimesimama wima kama mtu wa jukwaani. Wakati huohuo, watu wanaofanya jambo la hatari zaidi katika kitabu hiki ni hao wanaosema kwa mizaha. Mwajuma hana nadharia, lakini amempokea mwanamke aliyekataliwa na ukoo wake, tena wa kabila jingine, katika mji ambao mkoloni alitaka kila kabila likae kivyake. Siasa ya riwaya iko chumbani mwake kabla haijafika kwa Denge. Nadhani Shafi alilijua hilo. Huenda ndiyo maana alimpa Mwajuma maneno matamu kuliko ya wote.

Mama alimpenda Mwajuma kiasi cha kumsemea. Nikifika mahali Mwajuma anapotaka kujibu, Mama hunitangulia na jibu lake mwenyewe, kisha tunalinganisha. Mara mbili lilikuwa kali kuliko la kitabuni.

Walenisi

Riwaya ya safari ya angani kwa Kiswahili si kitu cha kila siku, na mwandishi aliyeijaribu hakuwa mtu wa maabara. Katama Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa pwani ya Kenya, aliyewekwa kizuizini na serikali katika miaka ya 1980. *Walenisi* ilitoka mwaka 1995. Dzombo, mtu aliyehukumiwa na watawala wa nchi yake, anatiwa katika chombo cha kumpeleka mautini angani. Badala ya kufa anafika katika sayari yenye jamii iliyopangwa kwa haki na utu.

Jina la sayari hiyo ndiyo sababu ya kuisema riwaya hii mahali kama hapa. Kwa macho, *Walenisi* ni jina la kigeni, la kubuniwa, linalofaa sayari. Nililitamka mara ya kwanza, na kabla sijaenda sentensi ya pili Mama akasema, "Wale ni sisi." Hakuliona neno, basi hakukuwa na kitu cha kumzuia asilisikie. Jina lote lilikuwa sentensi iliyofungwa vifungo, na sikio likavifungua. Sijui mfano bora zaidi wa fumbo lililowekwa wazi mbele ya kila mtu. Watunzi wa mafumbo waende wakajifunze hapo.

Baada ya jina, hata hivyo, kitabu kinanichosha. Ni ugonjwa wa karibu kila kitabu cha nchi njema. Mgeni anafika, mwenyeji anamtembeza, mgeni anauliza, mwenyeji anaeleza. Anaeleza kazi, anaeleza ndoa, anaeleza uongozi. Nchi isiyo na ugomvi haina mazungumzo, ina maelezo. Shaaban Robert alikutana na tatizo hilohilo, na katika *Kusadikika* alilizunguka kwa ujanja: aliwaweka watu mahakamani, ambapo kusema kwa urefu ni haki ya mshitakiwa. Dzombo hana mahakama Walenisi. Ana masikio tu, nayo yanajazwa.

Lakini nakiri nguvu ya hasira iliyo mwanzoni, katika ile nchi anayotoka. Kurasa hizo zimeandikwa na mtu aliyejua maana ya mlango wa chuma kufungwa kwa nje. Huko maneno ni mafupi na yana meno. Ningependa kusoma riwaya ambayo Mkangi angeiandika kwa hasira hiyo mpaka mwisho, bila kuahidi sayari. Alifariki mwaka 2004.

Peponi

Abdulrazak Gurnah aliandika *Paradise* kwa Kiingereza mwaka 1994. Alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wengi wetu wa pwani tulishangilia mwandishi ambaye hatukuwahi kumsoma katika lugha yetu. Mwaka uliofuata tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikatoka Dar es Salaam, ikiitwa *Peponi*. Ni kitabu cha nne tulichosoma, na ndicho kilichobadilisha usomaji wenyewe.

Hadithi inajulikana. Yusuf, mtoto wa kiume, anachukuliwa na mfanyabiashara tajiri aitwaye Aziz, mtu ambaye amezoezwa kumwita kwa jina la udugu. Dukani anamkuta Khalil, ambaye anamfungua macho: huyu si ndugu ya baba yako, umeletwa kwa sababu baba yako ana deni. Baadaye Yusuf anafuatana na msafara wa biashara kwenda bara, na nyuma ya yote Wajerumani wanazidi kusogea.

Kama mtunzi nilikuja na shaka. Kitabu kilichowaza watu wa pwani kwa Kiingereza kikirudishwa pwani, je, kitakuwa kimerudi nyumbani au kitakuwa mgeni aliyevaa kanzu ya kuazima? Katika kurasa chache niliisikia kanzu hiyo. Kuna sentensi ndefu za mtazamo, ambapo msimulizi anaitazama nafsi ya Yusuf kutoka ndani, ambazo Kiswahili cha kusimulia hakijazizoea, na ulimi wangu ulizikwaa. Silihesabu kuwa kosa la mfasiri. Lugha inakuzwa kwa kukwazwa hivyo. Lakini watu walipofungua midomo, dukani, njiani, penye moto wa msafara, shaka yangu iliondoka. Matusi yalikuwa matusi, dua zilikuwa dua, heshima ilikuwa na ngazi zake zote.

Kisha tukafika kwenye rehani.

Neno hili sisi tunalijua kwa dhahabu na hati za nyumba. Mwanamke huweka bangili rehani akapata ada ya mtoto. Nilisoma kuhusu mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, nikaendelea, na Mama akanyoosha mkono akagusa kitabu. "Bibi yangu alikaa kwa watu hivyo hivyo," akasema.

Msemo huo, *alikaa kwa watu*, nimeusikia tangu nikiwa mtoto. Katika hadithi za ukoo wetu, bibi yake Mama alitoka bara akiwa mdogo, "akakaa kwa watu" Pangani, akaolewa, akazaa. Sikuwahi kuuliza ni watu gani, wala alikaaje. Nilidhani ni wageni wema waliompokea. Usiku ule Mama alinieleza alichoelezwa naye na bibi yake, mara moja tu, wakiwa wanatwanga: kwamba ulikuwa mwaka wa njaa, kwamba nyumbani kwao kulikuwa na deni, kwamba mtu mzima mmoja alimshika mkono akamwambia wanakwenda kutembea na watarudi. Deni halikulipwa. Hakuna aliyerudi kumchukua. Hakuitwa mtumwa, na mwenyewe alikuwa mkali kwa yeyote aliyelitumia neno hilo. Alikuwa amekaa kwa watu.

Mama ana umri wa kuzidi miaka themanini. Jambo hilo hakumwambia baba yangu wala ndugu zangu wakubwa. Lilikuwa limehifadhiwa ndani ya msemo, nao msemo ulikuwa mpole kiasi kwamba vizazi viwili tuliupita bila kugonga mlango. Lililougonga lilikuwa neno moja la Kiswahili, katika riwaya iliyozaliwa kwa Kiingereza. Kama ningemsomea kitabu hicho katika lugha yake ya kwanza nikimfasiria kwa juu juu, kama nilivyowahi kufanya na vitabu vingine, ningesema labda "alichukuliwa kwa ajili ya deni", naye angeitikia kwa kichwa na tungeendelea. *Rehani* halikumruhusu. Neno hilo lina mizani yake katika maisha ya watu: lina bangili ndani yake, lina tarehe ya kurudishwa, lina aibu ya anayeweka na hesabu ya anayepokea.

Tangu usiku ule siwezi tena kuwaelewa wanaosema kuwa tafsiri ni fasihi ya daraja la pili. Naweza kutaja kasoro za *Peponi*, na nimetaja moja. Lakini nampa mfasiri shukrani ambayo sijui kama mtunzi yeyote wa hapa kwetu ameistahili kwangu: alipata neno lililokuwa likingojewa nyumbani mwetu zaidi ya miaka mia moja.

Nagona

Baada ya hapo nilitaka kusoma kitu chepesi. Mama akakataa. Akasema tusome kile kitabu chembamba nilichokuwa nikikiahirisha. Ni *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ambayo inafuatwa na *Mzingile* ya 1991.

Kezilahabi anajulikana kwa wasomaji wa ukumbi kama huu kwa ugomvi mwingine. *Kichomi*, diwani yake ya 1974, ilikuwa miongoni mwa silaha kuu za wale waliotaka mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, na mpaka leo jina lake likitajwa mbele ya Maalim, kahawa hupoa. Alikuwa mtu wa Ukerewe, Kiswahili hakikuwa lugha ya ujusi wake, na alifariki Januari 2020. Riwaya zake za mwanzo, kuanzia *Rosa Mistika* ya 1971, zilikuwa na mji, familia, shule na pombe, vitu ambavyo msomaji anaweza kuvishika. Katika *Nagona* hakuna cha kushika. Msimulizi hana jina. Anasafiri katika nchi iliyokuwa kama imeachwa na watu, anakutana na kimya kilichojengwa kama mji, anafuata kitu ambacho hakishikiki.

Nilikuwa na hakika kuwa kitabu hiki kitamshinda msikilizaji asiyepitia chuo kikuu. Kwa sehemu ndivyo ilivyokuwa. Majina ya wanafalsafa wa Ulaya yalipopita, yalimpita Mama kama magari ya barabara kuu, na nadhani hapo Kezilahabi aliandika akiwatazama wenzake wa chuo tu. Lakini kurasa nyingine zilimwingia kwa namna ambayo sikuitarajia. Sentensi ni fupi. Pumzi ni sawa. Maneno ni ya kawaida kabisa: njia, giza, mzee, mlima, maji. Hakuna mahali ulimi wangu uliteleza. Usiku wa pili nilimwuliza kama tuache, maana mimi mwenyewe sikuwa na uhakika tuko wapi.

"Endelea," akasema. "Humu hata wenye macho wanapapasa."

Nimesoma tahakiki nyingi za *Nagona*. Zinataja udhanaishi, zinataja uhalisia-ajabu, zinataja visasili vya Kiafrika. Zote zina faida. Hakuna iliyoniambia kwa maneno matano kwa nini kitabu hiki kinahitaji kuwa kigumu. Riwaya nyingine zote nne zilimhitaji Mama aone kwa akili yale ambayo wenye macho huyaona kwa macho: Ng'ambo, shamba, sayari, msafara. Alikuwa anafanya kazi ya ziada kuliko msomaji mwingine. Katika *Nagona* alikuwa sawa na sisi sote, na pengine mbele yetu kidogo, kwa kuwa amekwisha kuzoea kwenda bila kuona aendako.

Neno kwa watunzi

Nilimpelekea Maalim habari hizi, bila ile ya rehani. Alisikiliza. Aliridhika kuhusu Abdulla, alicheka sana kuhusu *wale ni sisi*, akanyamaza nilipofika kwa Kezilahabi. Kisha akasema kuwa sikio la Mama ni sikio la tenzi, na kwamba sikio la tenzi linaweza kukifanya kitu chochote kiwe shairi. Huenda. Lakini basi nathari imo ndani ya uwezo wa sikio hilo, na mpaka wetu hauko pale tulipouchora.

Maoni yangu kwa ufupi ni haya. Kama unataka kujifunza mazungumzo, msome Abdulla. Kama unataka kusikia Kiswahili cha wanawake wa mjini kikiwa na joto lake, msome Shafi, na umsikilize Mwajuma kuliko Denge. Msome Mkangi kwa ajili ya jina na kurasa za mwanzo. *Peponi* isomeni na wazee wenu wakiwa hai. Na *Nagona*, nyinyi mnaolinda vina na mizani kama ninavyovilinda mimi, isomeni kwa sauti kabla ya kuihukumu. Mtakuta ina mapigo ambayo hayakuhesabiwa kwa vidole.

Mama aliniachia kauli moja nilipomwuliza kwa nini mashairi yanamkaa na riwaya hazimkai. Alisema neno lisilo sauti halikai. Nikaichukua kauli hiyo nikaifanyia kituo, na ubeti wake ni huu:

Nimesoma kwa wakati, vitabu vyetu nyumbani,
Mama kajivuta kiti, akasikiza makini,
Kila lililo kwa hati, kalipima sikioni,
Neno lisilo sauti, halikai akilini.

Mama ameusikia. Anasema mshororo wa pili umedanganya kwa ajili ya kina, maana yeye hukaa mkekani. Sijapata kina kingine cha *-ti* kitakachoubeba mkeka. Aliye nacho na anipe, kwa kuwa juma lijalo tunaanza *Mzingile*, na hataki ubeti huo ubaki kama ulivyo.